Baba Kwenye Benchi la Tuisheni

Wiki iliyopita nilipita kwenye duka la pembejeo, nikakuta wamefungua robota la magunia ya katani, yale ya zamani, ambayo siku hizi huyaoni kwa sababu kila kitu kinafungwa kwenye viroba vya plastiki. Harufu yake, ya majani makavu yaliyochanganyika na mafuta ya mashine, ikanisimamisha mlangoni. Muuzaji akaniuliza nahitaji mangapi. Nikamwambia sihitaji gunia, halafu nikaendelea kusimama palepale. Alinitazama kwa jicho la kunifukuza, na wala simlaumu. Ninyi wa rika langu, mliolelewa kwa mishahara ya viwandani, mtanielewa. Hiyo ilikuwa harufu ya shati la baba yangu.

Kazi yangu leo ni kusahihisha Kiingereza cha watu wengine. Maofisi huniletea ripoti zao, nami nahamisha mikato, navunja sentensi zilizorefuka, nafuta maneno ambayo hayana kazi. Watu hudhani ujuzi huu niliupata chuoni. Chuoni nilikwenda, ndiyo, lakini nilichojua zaidi nilikijua Mafiga, Morogoro, kwenye banda la mabati, nikiwa nimekaa benchi moja na baba yangu mzazi. Na wakati ule nilikuwa natamani banda lile liungue.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinahama mahali pake. Mitumba ilishuka Mwembesongo kwa marobota. Sabuni za rangi tulizokuwa tukizisikia tu zikapangwa madukani, na wenye nafasi wakanunua televisheni, wakaacha madirisha wazi makusudi ili majirani tujue. Shule za chekechea za Kiingereza zikachomoza vichochoroni na kuta zao za twiga na herufi. Viwandani nako kulikuwa na neno moja tu, kupunguzwa, na lilisemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Mtu akipunguzwa ulimkuta baada ya muda sokoni anauza vitunguu, anakusalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi. Mimi nilikuwa darasa la tano. Mengi sikuyaelewa, ila niliona kwamba nyumbani kwetu hakuna mtu aliyekuwa anakaa kitako akatulia. Baba alikula amesimama. Mama alifagia uwanja aliokwisha kuufagia. Kaka yangu Hamisi alitoka na kuingia bila sababu, na mimi nilitafuna kalamu mpaka meno yakawa ya bluu.

Baba alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha magunia. Kiwanda kikapata mmiliki mpya, mtu wa nje, na yeye akaleta meneja wake ambaye Kiswahili hakukijua na hakuwa na mpango wa kukijua. Wakatangaziwa kwamba wasimamizi ni wengi mno. Watabaki wachache, na wa kubaki ni wale wanaoweza kuandika taarifa ya zamu kwa Kiingereza kinachosomeka. Kila mmoja angeitwa siku yake, akae mezani mbele ya meneja, aandike taarifa moja. Asiyeweza angechukua kiinua mgongo chake aende. Asiyefika, vivyo hivyo.

Kwa kuzungumza, baba hakuwa na shida. Alisoma darasa la nane la zamani huko kwao Tabora, na Kiingereza chake cha mdomoni kilimtosha kugombana na mafundi wa mashine wa kigeni. Balaa lilikuwa kalamu. Sentensi yake ilianza juu ya ukurasa, ikateremka yote, ikageuka upande wa pili, bila nukta hata moja. Tena taarifa zake zilianza kwa salamu. Mkanda wa mashine umekatika, uzi umeharibika, vibarua wamekaa bure zamu nzima, lakini baba alianza kwa kumjulia hali meneja, akamtakia afya njema yeye na jamaa zake wote, akasema naye ni mzima na wasiwasi ni kwake tu huko aliko. Kisha akaeleza zamu ilivyoanza kwa amani. Mashine iliharibika mwisho kabisa, karibu na sahihi. Barua za kwetu ndivyo zilivyoandikwa. Ukimwanza mtu kwa habari mbaya, unaonekana huna malezi.

Ndipo akamwendea Mwalimu Kobelo. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, Mluguru wa Mlali, aliyejenga nyumba Mafiga na kufundisha tuisheni ya Kiingereza alasiri kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Mimi tayari nilikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa mtu mkavu, mwenye koti la kijivu alilovaa hata kwenye joto la Januari, na kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Baba alimwomba amfundishe peke yake jioni. Mwalimu akakataa, akasema macho yake hayataki taa ya chemli na watu wazima hawana haki ya kujificha. Aje alasiri na watoto, au aache.

Baba akabadilishana zamu na wenzake, akaja. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa pembeni yangu. Benchi lile lilitengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo magoti yake yalimfika kifuani, na harufu ya katani ikajaa banda zima. Watoto wa darasa la saba waligeuka kumtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye tena. Nilitazama daftari langu kwa bidii ambayo sijapata kuwa nayo tena maishani.

Mwalimu aliichukua taarifa yake ya kwanza, akaisoma kwa sauti mbele yetu sote, bila kuvuta pumzi, kama ilivyoandikwa. Alipofika katikati akaanza kukohoa. Akaiweka chini, akamtazama baba juu ya miwani.

"Wewe pagazi," alisema. "Babu zako walibeba mizigo ya watu toka Tabora mpaka pwani, na walijua pa kuitua. Wewe unabeba sentensi mpaka unaanguka nayo."

Banda zima likalipuka kwa kicheko. Baba, bila kuinua kichwa, akajibu kwamba afadhali pagazi kuliko mtu ambaye mguu wake mmoja umekuwa mfupi kwa kulima mlimani. Mwalimu akamrushia daftari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Msinielewe vibaya, utani niliujua. Nani mtoto wa Morogoro asiyeujua? Bombani wanawake wa makabila ya watani walinyang'anyana ndoo na kuitana majina, wakacheka mpaka maji yakamwagika. Lakini akilini mwangu utani ulikuwa kitu cha kucheka, na hawa wawili walitukanana na nyuso kavu kama waamuzi wa mpira. Tena kulikuwa na ile kalamu nyekundu. Bombani hakuna aliyekuwa na kalamu nyekundu. Nilimuuliza mama. Yeye alikuwa Mpare wa Same na kichwa chake wakati ule kilikuwa na jambo moja tu, akanijibu kwamba mambo ya Wanyamwezi na Waluguru nimuulize baba mwenyewe, yeye anachotaka ni mume wake abaki na kazi. Baba sikumuuliza. Niliogopa angeniambia ukweli.

Kwa hiyo nikajitafsiria mwenyewe. Niliamua kwamba Mwalimu Kobelo anamchukia baba yangu, na kwamba mtu anayekuchukia hawezi kukufundisha vizuri. Anakupotosha kidogo kidogo, halafu siku ya siku unakaa mbele ya meneja na kuandika upuuzi. Kila alasiri nilikuwa nakagua masahihisho ya baba nikitafuta hila. Nilihangaika hata usingizini. Mama alisema nilikuwa naweweseka nikitaja nukta.

Nami nilipokuwa natafuta hila, baba alikuwa anajifunza. Hilo naliona leo. Mwalimu alimwambia afikirie wale wanaoshusha ndizi kutoka milimani. Njiani wana mahali pao pa kutua, jiwe fulani, kigogo fulani, na hakuna anayejaribu kufika mjini bila kupumzika. Kila sentensi ibebe mzigo mmoja, ifike, itue. Akamfanya asome kila alichoandika kwa sauti, na pale pumzi ilipokatika aweke nukta. Baba alisoma hadi nyumbani, akitembea toka mlangoni hadi dirishani, akiishiwa pumzi kwenye kila kona ya ukumbi wetu mdogo, na mama akaanza kulalamika kwamba anamaliza sakafu.

Kwenye salamu ndiko walikogombana kweli. Mwalimu alisema meneja atakufa njaa kabla hajafika kwenye mashine. Baba alisema hawezi kumpa mtu habari mbaya bila kumsalimu kwanza, labda mtu huyo awe Mluguru. Mwalimu akajibu kwamba wale wenye Kiingereza chao husalimiana kwa mdomo na kwenye karatasi wanataka mashine, lakini pagazi kazi yake ni kugonga hodi tu, hata mlango ukiwa wazi. Alikata salamu zote kwa mstari mwekundu. Kesho yake baba akazirudisha, zikiwa fupi kidogo. Akazikata tena. Baba akamwambia mbele yetu kwamba siku mwalimu atakapokufa ndiyo siku atakayoandika bila salamu. "Utasubiri sana," alijibu mwalimu, akaendelea na wengine.

Nilijaribu kumwokoa baba. Mwembesongo kulikuwa na kijana aliyefungua kozi ya Kiingereza, ana redio ya kaseti na tai nyekundu, na hakumtukana mtu. Nikamwambia baba twende huko. Alikuwa anakunywa chai, amesimama kama kawaida yake siku zile. Akasema huyu Mluguru anamfaa, kwa sababu wengine wote wanaomwambia Kiingereza chake kizuri wanamdanganya. Nikaona kwamba amekwisha kurogwa.

Siku yake ya kuandika ikafika wakati wa likizo. Mama alipiga shati pasi tangu alfajiri, na mkaa ukachafua kola, akalifua, akalipiga pasi tena likiwa bado na unyevu. Baba alitakiwa kiwandani saa tatu. Alikuwa anafunga vifungo pale mlango ulipogongwa, akaingia mpwa wa Mwalimu Kobelo, kijana mtulivu ambaye tulimjua kwa sababu ndiye aliyefuta ubao. Hakukaa. Alisema mjomba wake hakuamka. Mwili unapelekwa Mlali asubuhi hiyo na mazishi ni alasiri. Kisha akamgeukia baba, akamwambia kwamba wazee wamemtuma kwa mtani, kaburi halijaguswa, wanamsubiri yeye aanze kuchimba.

Baba alisimama na kifungo mkononi. Alipoongea, aliongea na mama.

"Lazima niende."

"Kazini lazima uende," mama alisema. "Baba Hamisi, Mlali imejaa Waluguru. Hawawezi kushindwa kumzika mtu mmoja."

"Kumzika watamzika. Mtani wake nani?"

Mama alikaa kwenye kiti na pasi ikiwa bado mkononi, na nikaona anapigana na machozi. Kisha akasema basi angalau aandike, Hamisi apeleke. Baba akararua karatasi, akaiweka ukutani, akaandika amesimama. Ilikuwa mistari michache ya Kiingereza. Niliisoma wakati Hamisi anaikunja. Mwalimu wangu amefariki leo. Mimi ni mtani wake. Lazima nimzike. Naomba nipewe siku nyingine. Neno mtani hakulipatia Kiingereza, akaliacha hivyo hivyo. Kila sentensi ilikuwa na nukta yake, na hapakuwa na salamu.

Mimi nilichemka. Mtu aliyemdhalilisha baba mbele ya watoto ameondoka, na sasa anaondoka na kazi yake pia. Wanafunzi wa tuisheni tulipakiwa kwenye pikapu ya jirani, baba akasimama nyuma akishika chuma, na njia nzima ya Mlali nilikataa kumtazama. Milima ilikuwa kushoto kwetu, wazi kabisa, haina hata wingu, na hilo nalo liliniudhi.

Tulipofika, baba alivua lile shati lililopigwa pasi mara mbili, akanipa nilishike, akachukua jembe. Kaburi lilichimbwa pembeni ya migomba, si mbali na nyumba, na sisi watoto tuliona kila kitu. Lilipofika kifuani, baba alilala humo. Alinyoosha miguu, akafumba macho, akasema shimo ni fupi, huyu Mluguru ana mguu mmoja mrefu wa kutosha kutokeza nje. Akakataa kutoka. Nilifunika uso kwa lile shati. Nilijua sasa watampiga. Nilisubiri kelele, na kelele niliyoisikia ilikuwa kicheko, kicheko cha wanaume wazima wenye macho mekundu ya kulia.

Lakini alikuwa hajamaliza. Wakati wa kutoa jeneza, wanaume wakiwa wamelibeba, baba alikuja amevaa lile koti la kijivu la marehemu. Miwani yake pia, ikiwa puani kabisa. Kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Sijui nani alimpa. Akalala chali kizingitini, akaziba mlango, na mkononi alikuwa na daftari lake la mazoezi. Akaanza kuwasahihisha wanaolia. Yule mama kwikwi zake ni ndefu mno, aweke nukta. Yule mzee anarudia neno moja, akate. Alikuwa na sauti ile ile, ukavu ule ule, hata kikohozi. Wenzangu wa tuisheni walianza kucheka huku wanalia, na mtu mmoja akasema jamani, amerudi. Shehe aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Kisha baba akaacha sauti ya mwalimu, akaongea na jeneza kwa sauti yake mwenyewe. "Nimeandika," alisema, akainua daftari. "Hujasahihisha. Nani amekupa ruhusa ya kuondoka?"

Mjane wa mwalimu akatoka chumbani, mwanamke mdogo wa umbo, kanga imemshuka mabegani. Akainama, akaitoa ile kalamu nyuma ya sikio la baba, akamwekea mkononi.

"Jisahihishe mwenyewe, pagazi," alimwambia. "Utupishe, mume wangu amechoka."

Baba akainuka, akatupisha. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaingia chini ya jeneza na wenzake. Nilimwona mjane akicheka, machozi yanamtiririka, na wanawake wanamshika wakisema cheka, cheka mama, mtani ndiyo kazi yake. Nilisimama pale na shati lenye unyevu mikononi, na kitu nilichokuwa nimekishikilia alasiri zote zile kikaniporomoka. Hakukuwa na chuki. Tangu siku ya kwanza hakukuwa na chuki hata chembe. Wale wanaume walikuwa wanapendana, tena mchana kweupe, mbele ya watoto wote, na aliyekuwa haoni ni mimi.

Tulirudi jioni jua likiwa bado lipo. Pikapu ilituacha barabara kuu, tukaanza kutembea kuelekea Mafiga, na kabla hatujafika tukamwona Hamisi anakuja mbio. Alikuwa ametusubiri njia panda muda wote. Barua aliipeleka, alisema huku akihema. Meneja aliisoma yote, akauliza nani amemwandikia baba yako, maana imeandikwa vizuri sana. Hamisi akamwambia ameandika mwenyewe. Meneja akasema ni bahati mbaya, nafasi zimejaa asubuhi hii.

Baba aliitikia kwa kichwa, akamwambia Hamisi atangulie akamwambie mama polepole. Tukabaki wawili. Alitembea hatua chache, kisha akakaa kwenye ukingo wa mtaro, na udongo wa kaburi ulikuwa bado umemkauka kwenye mikono. Nilikuwa sijawahi kuona baba yangu akilia. Alilia bila kujificha, kama alivyokuwa akikaa kwenye benchi letu bila kujificha. Nikamfunika mabega kwa shati lake. Nikamwambia asilie baba, kazi itapatikana.

"Kazi nitatafuta," alisema. "Sasa nani atanitukana?"